Alipokula Ngumi Zake

Mwanangu wa kwanza nilimzaa Ifakara, kwa mama yangu, miaka ya hamsini. Hata arobaini haijaisha, mume wangu akaja kunirudisha Mchombe kwa sababu mpunga ulikuwa umezidiwa na majani. Kesho yake nilishika jembe.

Mtoto alibaki na mama mkwe kwenye kibanda kando ya shamba. Tulikubaliana kwamba mtoto akiona njaa, mama mkwe aniite. Kwa mama mkwe njaa ilikuwa kilio, basi. Nilipofika, kilio kilikuwa kimeshakolea: mtoto amekaza mgongo, ngumi amezifumba, chuchu anaisukuma kwa ulimi. Nilihangaika naye huku maziwa yakinichuruzika mpaka kwenye kanga.

"Ziwa lako halitaki," mama mkwe alisema. "Maziwa mepesi hayo."

Akamnywesha uji wa mchele, mtoto akalala. Mimi nikarudi kupalilia, matiti yamejaa hadi yanauma, na hasira sina pa kuipeleka. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, na mtoto alizidi kukonda.

Kisha mvua ikatufungia nyumbani kutwa nzima. Nilijilaza karibu naye, nikamwona anaamka. Hakulia. Alichezesha midomo, akatoa ulimi, akageuza kichwa huku na huku akitafuta, halafu akaanza kula ngumi yake. Nilimpa ziwa palepale. Alilishika bila vita, akanyonya, na vidole vyake vikafunguka kimoja kimoja mpaka mkono ukalegea kifuani kwangu. Nililia. Kumbe siku zote hizo alikuwa akiniambia, na mimi niko mbali, katikati ya mpunga.

Nilimwambia mama mkwe, "Mama, naomba uniite akianza kula ngumi. Tusingoje alie."

"Mtoto halii, ana njaa gani?" alinijibu. "Mimi nimelea wangu wote, wewe una huyu mmoja."

Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa ananoa panga, hakuinua uso. "Msikilize mama," alisema.

Nilichoka kubishana. Asubuhi iliyofuata nilimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, nikaenda naye shamba. Akianza kupapasa mgongo wangu kwa mdomo, nilitupa jembe nikakaa tutani kumnyonyesha. Mume wangu alisonya. Mama mkwe alipita na ndoo yake, na nilipomwamkia shikamoo aliitikia akiangalia pembeni.

Kazi ilinienda polepole. Upande wangu majani yalinishinda, na wakati wa mavuno nilipata mpunga haba, jambo ambalo kila mgeni aliyekuja alisimuliwa. Mtoto alinenepa, mikono ikajaa mikunjo. Mama mkwe alimpakata mbele ya wageni hao hao, akawaambia ni uji wake uliomkuza. Niliendelea kupeta mchele.