Mzee Fulgensi na Kamba ya Makopo

Pale Michenga ukiuliza nyumba ya Fulgensi, utaulizwa ni Fulgensi yupi. Sema Mzee Tititi, utapelekwa mpaka mlangoni. Jina hilo amelipata kwa haki. Kila asubuhi kabla ya chai huwasha redio yake, huvaa hedifoni, kisha hugonga kidude cha chuma kilichokaa mezani, ti-ti-ti-ti-ti, akizungumza kwa Morse, ile lugha ya mapigo mafupi na marefu, na watu ambao hajawahi kuwaona sura: Mjapani mmoja, Mrusi mmoja, na daktari wa meno wa huko Brazili. Alijifunza kazi hiyo jeshini, kwenye kikosi cha mawasiliano. Alipostaafu, wenzake walinunua pikipiki, yeye akanunua redio na kukata leseni. Wapo waliosema amerukwa na akili. Hapana, akili anazo timamu, ila muda mwingi ziko hewani.

Aliyebaki nchi kavu ni mkewe, Brigita. Huyu mama amelima mpunga tangu usichana wake, na kelele za ti-ti-ti amezivumilia kama watu wanavyomvumilia mume anayekoroma. Lakini mpunga wake hana masihara nao.

Sasa, mashindano ya Morse ya dunia ambayo Fulgensi huyapenda kuliko Krismasi hufanyika mwishoni mwa Mei. Mwishoni mwa Mei ndipo mpunga wa bonde la Kilombero unapoinamisha masuke, na kwelea kwelea nao huwa wameshapata habari. Mwaka huu mambo yakazidi kuwa magumu, kwa sababu Brigita alikuwa na safari siku hizo hizo.

"Baba Beatus," alimwambia, maana mtoto wao wa kwanza ni Beatus, "nakwenda Sanje kwenye komunio ya mtoto wa mdogo wangu. Narudi Jumapili jioni. Shamba nakuachia wewe."

"Nenda salama, Mama Beatus. Redio naihamishia huko huko dunguni. Mkono unagonga, macho yanaamia ndege wasile mpunga."

"Nisikilize vizuri. Nikikuta jaruba limeliwa, redio inauzwa. Sitagomba wala sitanuna. Itauzwa tu."

Fulgensi alimjua mkewe. Brigita akigomba, ugomvi huisha kabla ugali haujaiva. Akisema taratibu namna ile, ujue limeshakuwa.

Jumamosi alfajiri alipanda dunguni, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya mpunga, akiwa na redio, betri ya pikipiki na sola yake ndogo. Waya wa antena aliuvuta kutoka dunguni, juu ya majaruba, hadi kwenye mwanzi mrefu aliousimika upande wa pili. Alikuwa ameingia kwenye kundi la mtu mmoja. Humo unasikiliza peke yako, unagonga peke yako na kuandika peke yako; mtu akikunong'oneza herufi moja tu, umeshajitoa. Anayenasa vituo vingi zaidi ndiye mshindi. Fulgensi hakuwa na ndoto ya ushindi wa dunia. Alitaka tu kumaliza mashindano na kurudi nyumbani na redio yake.

Asubuhi ile ilimtoa jasho. Akinasa kituo cha Italia, ndege wanatua. Anavua hedifoni, anashuka ngazi, anakimbia huku akipiga kelele, anarudi anahema, na Mwitalia ameshajiendea. Mchana ndege walipopumzika, alikwenda mtoni kuoga. Aliporudi na kuwasha redio, dunia nzima ilikuwa imegeuka mikwaruzo. Hakuna Italia, hakuna Japani, ni kra-kra-kra tu. Akainua macho, akaona makopo ya maziwa na ya rangi yananing'inia kwenye antena yake, yamepangwa vizuri, yanacheza na upepo.

Ngusa, jirani yake wa shamba la pili, alikuwa amesimama kando anapangusa mikono. Alikuwa na uso wa mtu aliyetenda jema.

"Shikamoo mzee! Nimekuta umefunga kamba ya ndege umesahau makopo. Nimeshusha ule mwanzi, nikayafunga, nikausimamisha tena. Shida iliyobaki ni moja, kamba yako imekaza mno, haivutiki."

Kila mtu bondeni anajua kwamba kamba ikipita juu ya mpunga ni ya makopo. Ukiivuta yanalia, ndege wanaruka. Ngusa angejuaje kwamba ile ilikuwa inakwenda Japani? Fulgensi alifungua mdomo amseme, kicheko kikatoka badala ya maneno. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Marahaba, mwanangu. Umenisaidia kuliko unavyodhani."

Na kweli alikuwa amesaidiwa. Waliyafungua makopo wakayafunga kwenye kamba ya manila, wakaipitisha majarubani hadi dunguni, na ncha yake Fulgensi akajifunga mguuni. Kuanzia hapo hakushuka ngazi tena. Mkono wa kulia uliongea na dunia, wa kushoto uliandika, na mguu uliongea na ndege.

Ila mguu ukaanza kuiga mkono. Jina lake la hewani, lile lililoandikwa kwenye leseni, linaanza na mapigo matano ya haraka, kisha manne. Kufika Jumapili, makopo nayo yalikuwa yanalia matano, manne, kisha mengine ya mwishoni, na Mzee Fulgensi mwenyewe hana habari. Ngusa na mkewe walicheka kule kwao hadi wakashika mbavu.

Jumapili jua lilipoanza kuelekea magharibi, alisikia sauti nyembamba sana chini ya kelele za wengine. Akafumba macho asikilize. Kilikuwa kituo cha kisiwa kimoja katikati ya Pasifiki, ambacho amekitafuta tangu anunue redio na hajawahi kukipata. Aliita. Akaita tena. Kile kisiwa kikajibu, kikaanza kugonga jina la Fulgensi, alama mbili za kwanza, polepole.

Wakati huo huo wingu la kwelea kwelea likashuka kwenye jaruba la mwisho. Fulgensi alivuta mguu kwa nguvu zote, kamba ikakatika.

Alikaa pale mkono ukiwa juu ya kidude. Akafikiria mgongo wa Brigita, ulioinama kwenye lile jaruba mvua za masika zikimnyeshea. Akavua hedifoni, akaruka ngazi mbili mbili. Alikimbia matopeni akipiga makofi, akirusha madonge ya udongo, akiwaita ndege majina ambayo hayatajwi Jumapili. Wakihama kona hii, wanatua ile.

Ndipo makopo yakalia. Matano ya haraka. Manne. Kisha yale ya mwishoni, yote, bila kukosea hata moja. Ndege wakaruka wote kwa pamoja wakaelekea mtoni.

Fulgensi akageuka. Brigita alikuwa amesimama kwenye tuta, chini ya dungu, na kitenge chake cha kanisani, viatu kavishika mkono mmoja, na mkono wa pili umeshika ncha ya kamba iliyokatika.

"Rudi kwenye redio yako!" alimpigia kelele.

"Mashindano ni ya mtu mmoja, Mama Beatus! Sisaidiwi!"

"Nani kagusa redio yako? Mimi nafukuza ndege wangu!"

Akapanda. Kisiwa kilikuwa kimeondoka. Aliita sana, akajibiwa na mvumo mtupu, na ilimuuma, tusidanganyane. Lakini aliendelea na wengine mpaka jua likazama, na kule nje makopo yalikuwa yanaita jina lake.

Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye jaruba la mwisho. Kona yake ilibaki mabua. Hakutafuta maneno.

"Limeliwa, Mama Beatus," alisema, akarudi na kuanza kufungua nyaya za redio.

Ngusa alikuwa anapita akielekea nyumbani. "Poleni. Naona ndege wamewapiga pale konani."

"Pale?" alisema Brigita, na kitenge cha kanisani bado kiko mwilini. "Pale palikuwa na mapepe matupu, masuke bila punje. Hakuna kilicholiwa."

Ile kona ndiyo iliyokuwa imejaa kuliko zote, na Ngusa aliijua kama walivyoijua wao. Aliwatakia usiku mwema akaenda zake. Fulgensi aliacha nyaya.

"Ulijifunza lini kulipiga jina langu?"

"Nijifunze nini? Si ndiyo kelele yako ya kila asubuhi?" Brigita alikaa kwenye ngazi ya dungu, akaweka viatu chini. "La kwangu linapigwaje?"

"Mama Beatus?"

"Brigita."

Miaka yote ile alikuwa amegonga majina ya watu wa dunia nzima, na hilo hakuwahi kuligonga hata siku moja. Aliona aibu. Aliokota kamba, akavuta mara moja ndefu na tatu fupi, akaendelea herufi kwa herufi mpaka mwisho, na makopo yakalia taratibu juu ya mpunga.

Brigita alisikiliza, kisha akanyoosha mkono kuipokea kamba.

"Rudia," alisema. "Polepole."