Utomvu wa Tumbaku

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa msimu wa kuchuma tumbaku, mwaka wa pili tangu tuhamie kijiji cha ujamaa, kusini mwa Tabora. Anayechuma majani mabichi hurudi na utomvu viganjani, mweusi, unaonata kama asali iliyoungua. Mimi nilikuwa nimefika kidato cha nne, na kila jioni nilijaribu dawa mpya ya kuutoa: jivu, mchanga, maji ya ndimu. Ulififia kidogo, ukabaki.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka mjini kumhudumia mzazi. Kwa heshima hatukusemezana ana kwa ana; maneno yake kwangu aliyapitisha kwa mjukuu, ambaye alikuwa mtani wake. Nikisimama mlangoni kuomba nipewe mtoto, alikiambia kile kichanga, "Mume wangu, mwambie baba yako sabuni imenawa, yeye bado."

Siku moja nikatumia mafuta ya taa. Mikono ikatakata kuliko siku zote. Bibi akanusa. "Mume wangu, kumbe baba yako ni kibatari." Mke wangu alicheka hadi akajishika tumbo. Mimi niliona naonewa tu. Kwa elimu yangu, utomvu ule ulikuwa kama rangi ya nguo: ukishakauka, haumdhuru mtu.

Jioni moja nilitoka shambani nikakuta mke wangu amesinzia na bibi yuko kisimani. Nikasuuza mikono kwa maji matupu, nikambeba mwanangu. Akageuza kichwa, mdomo ukitafuta. Nilishangaa: asiyejua lolote duniani, hilo kafundishwa na nani? Nikampa ncha ya kidole nione atafanya nini. Alikinyonya kwa nguvu nisiyoitarajia, akakunja uso, akaendelea. Nami nikamwacha, nikimtazama.

Haukupita muda akatapika. Akatapika tena, midomo ikapauka, akalegea. Tukamkimbiza zahanati.

Mkunga aliuliza mtoto kapewa nini. Mke wangu akasema ni ziwa lake tu. Mimi nikafumba viganja. Mkunga akaitazama mikono yangu.

"Hii siyo rangi, baba. Ni tumbaku. Umemlambisha?"

Nikasema ndiyo, mke wangu na mama yake wakisikia.

Tulikaa pale hadi mtoto aliporudia kunyonya. Tulipofika nyumbani nilikwenda uani na kipande cha sabuni. Mama mkwe akanifuata na birika, akainama kunimiminia, na kwa mara ya kwanza akasema nami mwenyewe.

"Lete mikono."

Nikasugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha. Maji yalichuruzika ya kahawia, halafu ya manjano. Maji ya birika yalipokwisha nikanyoosha mikono aione. Aliitazama sana.

"Bado, mwanangu," akasema, akaenda kuteka mengine.