Nilimrekodi shemeji yangu nikimwambia ni kumbukumbu, sasa ananitaka nije na ile mashine harusini

Admin, nifiche sana, Tanga hii watu wa muziki tunajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanaume wa miaka arobaini na moja, naishi Pongwe na mke wangu na watoto watatu. Napiga gitaa na kuimba kwenye harusi na hoteli za ufukweni. Mpiga dramu wangu alikuwa kaka wa mke wangu, wa Makorora. Ndiye aliyenifundisha muziki wakati hata gitaa sijui kulishika.

Mwaka jana mwenye hoteli mmoja kule Ushongo akaniambia hataki bendi, anataka mtu mmoja tu. Nikaenda dukani kutafuta mashine ya kunipigia dramu na besi. Zilikuwepo mbili. Ya kwanza ina midundo yake tayari, nikaijaribu, chakacha ikatoka kama fundi anapigilia bati. Ya pili unairekodia mdundo unaoutaka, halafu ukikanyaga swichi inakupigia. Nikachukua ya pili. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Nikamwita shemeji nyumbani. Nikamwambia, "Mwamu, turekodi kidogo, iwe kumbukumbu." Alipiga siku mbili, magodoro tumeyaegesha madirishani, jasho linamtiririka na anacheka. Kila wimbo anagonga vijiti mara mbili, anasema, "Haya, bismillah," ndiyo anaanza. Maneno hayo niliyakata yote, wimbo mmoja tu ukanipita. Besi nikaiongeza mwenyewe kwa kinanda. Nikaenda Ushongo peke yangu, yeye nikamwambia kazi hakuna.

Mgeni mmoja akarusha video, ikamfikia. Akaja nyumbani. Nilitegemea matusi, wallahi ningeyapokea. Akaomba kuisikia mashine. Akasikiliza nyimbo zote, kichwa ameinamisha, kisha akaniuliza, "Ikichoka inafanyaje?"

Nikamwambia haichoki.

"Basi mwamu, mikono yangu unayo wewe. Itunze. Hii iliyobaki mimi ya nini?"

Akanywa chai yake, akaaga vizuri. Tangu siku hiyo hajashika vijiti. Mwezi wa pili mkono wa kulia ukaanza kutetemeka, sasa hata kikombe anashikiwa. Hospitali wamepima, hawajaona kitu. Mke wangu hajanilaumu hata siku moja, ila ameacha kuniuliza natoka wapi. Mimi naogopa, jamani. Si mtu wa ushirikina, lakini naogopa.

Jumamosi hii shemeji anamwoza binti yake. Ametuma ujumbe nikapige mimi, nije na mashine, na yeye atakaa mbele kabisa. "Ule wimbo wenye bismillah uwe wa mwisho," amesema. Sijui amekusudia nini. Nikikataa nimemdharau mbele ya ukoo. Nikienda, atakaa pale na mkono unaotetemeka, ajisikilize akiwa mzima.

Leo asubuhi nikaamua nifute kila kitu, hata kama kazi ya Ushongo itakufa. Nikaanza na huo wimbo, kidole kikateleza, ukalia. Vijiti viwili. "Haya, bismillah."

Mke wangu akaitika kutoka jikoni, "Karibu kaka!" Akatoka mbio na unga mikononi, uso umemchangamka, akatazama mlangoni, kisha akanitazama mimi.

Sijafuta. Ndugu zangu, nipeni neno kabla ya Jumamosi: niende nayo, au nifanye nini?