Mlango wa Fundi

Fundi seremala aliutengeneza mlango wa nyumba yake uchomoke kwenye bawaba kwa mikono tu, na hakufanya hivyo kwa bahati mbaya. Enzi hizo vichochoro vya mtaa vilikuwa vyembamba, gari la wagonjwa liliishia barabara kuu, na mgonjwa alifikishwa huko akiwa amelazwa juu ya mlango wa fundi.

"Fundi, tunaomba mlango," majirani walibisha hodi, nao ukaondoka. Wanaume walipokezana kubeba, akina mama wakifuata nyuma na kukaripia: "Polepole jamani, huyo si gunia la mkaa." Nyumba ilibaki wazi mpaka warudi, na hakikupotea hata kijiko. Mkewe alilalamika kwamba ameolewa na mwanamume asiye na mlango, lakini godoro la kumlazia mgonjwa alilitoa yeye.

Kisha vichochoro vikapanuliwa, gari likawa linafika hadi kizingitini. Fundi alishukuru kuliko wote, maana wapo waliokata roho njiani mikononi mwa wabebaji. Hata hivyo, bawaba aliendelea kuzipaka mafuta.

Juzijuzi kifua kilimbana yeye. Gari lilifika upesi, likamchukua bila jirani yeyote kuitwa, akatibiwa, akapona. Siku aliyorudi alimkuta nje jirani yake mnene, yule ambaye kumbeba kwake zamani kuliwaumiza watu mabega wiki nzima.

"Umeadimika, fundi," jirani akasema. "Ulisafiri?"