Hirizi ya Marehemu Amur

Bi Kaltham binti Amur alikaa miaka thelathini na moja nyuma ya dirisha la dawa, katika hospitali moja ya huku Sharqiya, Omani, akisoma miandiko ya madaktari ambayo madaktari wenyewe ukiwarudishia hawaisomi. Mimi nilikuwa dirisha la pili, kwa hivyo asinieleze mtu Kaltham ni nani. Ni mwanamke wa sauti ya chini, anayepiga pasi hata kanga za jikoni. Hagombani na mtu, lakini alichokikataa kimekataliwa.

Alizaliwa Pemba. Babaake alimleta Ibra mwaka 1971, ana miaka minane, akamwacha mama huko. Mwaka wa pili akaambiwa mamaake amefariki. Shangazi yake ndiye aliyemlea, na ndiye aliyemfundisha kusoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wetu. Na kila Ramadhani, tangu namjua, Kaltham huita watu kumsomea mamaake hitima. Nimekula sambusa za hitima ile mpaka nimezeeka.

Mwaka huu nduguye wa kwa baba, Sleyum, aliyezaliwa hapa hapa na Kiswahili chake chote ni "njoo" na "kula", alilitoa sanduku la marehemu baba yao likawekwe kwenye nyumba ya makumbusho ya mtaa wa zamani. Dada mtu hakuulizwa. Alitumiwa picha tu. Kaltham akaniomba nimpeleke akalione.

Makumbusho mimi siyapendi, nasema kweli. Birika, kinu, mbuzi ya nazi, vyote ninavyo stoo kwangu na hakuna aliyekuja kukata utepe. Msichana wa pale, Aseel, alitupokea kwa kahawa na halua, na Kiswahili alichokiokota kwa bibi yake.

"Karibuni mabibi. Hii masanduku zote imetoka Zinjibar."

Sanduku lilikuwa chumba cha ndani. Kaltham akanyoosha mkono kulishika.

"La, bibi, hapana gusa."

Damu ikanipanda. "Sanduku la babaake hilo! Wewe ulikuwapo lilipokuwa linatiwa nguo?"

Kaltham akanifinya mkono.

Pembeni ya sanduku, chini ya kioo, palitandazwa karatasi ya manjano na kifuko cha ngozi kilichofumuliwa mshono. Kibandiko kilisema kwa Kiarabu kwamba hiyo ni hirizi ya kukinga jicho, na maneno yake hayajulikani. Aseel alitueleza kuwa kifuko walikikuta chini kabisa ya sanduku, kimeshonwa imara. Walimwonesha mwalimu wa Kiarabu, akaisoma karatasi herufi kwa herufi asipate maana hata ya neno moja, basi wakaona ni talasimu.

"Wageni wanapenda sana hii," alisema. "Kila mtu anapiga picha."

Kaltham alivaa miwani, akainama, akacheka.

"Talasimu gani inaanza kwa salamu? Hichi Kiswahili, mwanangu."

Akaanza kutusomea, kidole juu ya kioo, polepole, kama alivyokuwa akisoma karatasi za dawa. "Kwa janabi Amur bin Sleyum. Baada ya salamu, mimi mzima, alhamdulillahi, hofu ni juu yenu. Nimesikia kwa watu waliotoka huko kuwa mumemwambia Kaltham mimi..."

Akakwama. Akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akaivaa tena. Akalisoma lile neno midomo ikicheza bila sauti.

"Soma basi," nikamwambia.

"Mumemwambia Kaltham mimi nimekufa." Kidole kikashuka mstari. "Mimi sijafa. Nipo hapa hapa kwetu Kangagani. Hii ni barua ya nne. Kama hutaki kunijibu usinijibu, lakini mwambie mtoto kuwa nipo. Zuwena binti Khamis. Tarehe kumi na mbili Shaabani, mwaka elfu moja mia tatu tisini na tisa."

Aseel alitazama kwenye simu yake. "Hiyo mwezi wa saba, sabini na tisa, bibi."

"Nina miaka kumi na sita," alisema Kaltham. "Nimeshamsomea hitima miaka saba."

Alikaa chini, juu ya mkeka wa maonesho, na Aseel safari hii hakuthubutu kusema hapana. Nilimngojea alie. Hakulia. Alinitazama akasema, "Baba alikuwa mtu mwema, Ghaniya. Akinifunga viatu mwenyewe nikienda skuli."

Mtu mwema gani huyo? Barua hakuichana, na Kaltham hakumpa. Kaishonea ngozi, kaiweka chini ya nguo zake, kaishi nayo mpaka kafa. Mpaka leo simwelewi mtu yule, na sitaki kumwelewa.

Kaltham alimpigia nduguye, akamweleza kwa Kiarabu. Sleyum alisikitika, lakini akasema, "Khalas, ukhti, mambo ya zamani hayo. Watu washakufa wote."

Kaltham akakata simu. Sijapata kumwona akimkatia mtu simu.

"Wote?" akaniuliza mimi. "Nani kasema mama kafa? Aliyesema ni baba. Na baba alisema uongo. Basi baada ya hapo nani kasema?"

Hakuna aliyesema. Nilipiga hesabu haraka haraka: kama aliolewa kijana, sasa angekuwa na miaka themanini. Watu wa themanini tunao tele. Nina mpwa wangu huko Pemba, Wete, anaitwa Adham, mwenye pikipiki, nikampelekea ujumbe wa sauti pale pale: nenda Kangagani sasa hivi, muulizie Zuwena binti Khamis.

Aseel alifunga mlango, akawaambia wageni warudi kesho. Tulikaa saa nzima na nusu, watatu sisi, hakuna aliyegusa kahawa. Kaltham aliniuliza mara mbili akipatikana atamwambia nini.

Simu ikalia. Adham alikuwa amekwishampa simu mwenyeji aliyemkuta huko, mjukuu wa Bi Zuwena. Nikaweka sauti juu.

"Bibi Zuwena tumemzika mwaka jana," alisema yule bwana. "Mwezi wa Shaabani."

Kaltham akajiziba mdomo kwa mkono. Mwaka jana! Nikajikaza nikauliza kama ameacha watoto.

"Kaacha wanne. Wa kwanza ni babaangu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye msiba. "Yeye mwenyewe lakini akishikilia kuwa wa kwanza ni wa kike, yuko Uarabuni. Uzee ule, mama. Kila akija mgeni wa mbali atamuuliza kama anamjua. Sisi tukimwitikia tu, ndio bibi, ndio, yupo."

Kaltham akaichukua simu mkononi mwangu.

"Samahani," akauliza yule bwana, "nazungumza na nani?"

"Na huyo mtoto," akasema Kaltham.