Mzee Pua na Chumba cha Mwisho

"Sivuti, nimesema sivuti! Mimi na sigara wapi na wapi?"

"Binti, usinipandishie sauti. Harufu nimeikuta mlangoni kwako, si kwa jirani."

"Basi ikamate! Si una pua wewe? Ikamate hiyo harufu, uifunge kamba, umburuzie mwenye nyumba!"

Msusi alikuwa amesimama mlangoni, kiganja kimoja kwenye fremu, kama anazuia gari lisipite. Mzee Pua, msimamizi wa jengo letu, alikuwa upande huu wa kizingiti, kichwa amekiinua, tundu za pua zinafunguka na kujifunga. Mimi nilikuwa ng'ambo ya korido, kwenye kigoda changu, nachambua maharage. Yalikuwa yameshachambuliwa tangu asubuhi, lakini ugomvi ukija mlangoni kwako lazima mikono iwe na kazi.

"Bibi," Msusi akanigeukia, "wewe tunatazamana milango. Umewahi kuniona na sigara mdomoni?"

"Nimekuona na chanuo mdomoni," nikamjibu. "Chanuo halitoi moshi."

"Umesikia, mzee?"

"Bibi huyu," akasema Pua bila kunitazama, "ukimuuliza jua limechomoza wapi atakwambia limechomoza chumbani kwake na amelinywesha chai. Mwenye nyumba anakuja jioni hii kuchukua ufunguo. Mimi nimetumwa tu."

Ndani, mtoto wa Msusi akakohoa. Fupi, fupi, halafu moja ndefu ya kuburuta. Nikamwona Pua anashtuka mabega, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.

Nisimame hapo kidogo nikueleze mtu huyu, maana ukimwona siku ile tu utamchukia bure.

Kabla ya kuwa msimamizi alilinda ghala la ngozi mbichi. Mwingine angekaa mle pua ikafa ganzi. Yake ikanoleka kama kisu. Alipokuja kwetu, haikupita muda watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa ananusa kiberiti kikiwa bado dukani. Kuna mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili aliota anavuta sigara. Pua akapanda ngazi, akamgongea mlango, akamwamsha, akamwambia ndoto hiyo akaimalizie nje ya geti. Usinibishie, mimi nilikuwepo.

Sheria ya kutovuta haikuwa yake. Ililetwa na moto. Mpangaji mmoja alisinzia na sigara kidoleni, godoro likashika. Lile godoro lilishuka ngazi lenyewe, linawaka, linabisha hodi kila mlango, watu wanafungua na kufunga. Haya, labda lilisukumwa. Lakini kweli yenyewe ni kwamba Pua aliingia kwenye ule moto na blanketi bichi akatoka na mtoto wa watu, na mkono wake wa kushoto mpaka leo umekunjamana kama karatasi iliyofinywa. Mwenye nyumba, mama wa makamo, akapiga marufuku. Anayetaka kuvuta ashuke mpaka chini, atoke geti, apite pipa la taka, mvua iwe mvua, jua liwe jua. Atakayevuta ndani atoke na virago vyake.

Na Pua akaishika sheria ile kama mtu anayeshika mtoto kwenye moshi. Alitembea kwa ndala laini, husikii anapanda wala anashuka. Kila mlango anasimama, anafumba macho, anaachama kidogo, kwa sababu alisema harufu nyingine huonjwa kwanza. Alichungulia makopo ya maua. Alinusa mataulo yaliyoanikwa. Dereva wa teksi wa ghorofa ya tatu alivuta moja tu, dirishani, siku mkewe anajifungua, kwa furaha na woga. Pua akamsema kwa mwenye nyumba. Wakashuka na kichanga kimefungwa shuka, godoro kichwani, na yule mama anashika ukuta kila ngazi. Pua aliwashikia geti. 

Halafu akaja kaka yake.

Kaka wa tumbo moja, seremala. Baba yao alipofariki, Seremala ndiye aliyeacha shule akashika randa ili mdogo wake ale. Alikuja na begi na msumeno, kifua kimeisha, miguu imevimba kama magogo. Pua akamweka chumba cha mwisho, huku juu kwetu, mbali na macho. Na Seremala alikuwa mvutaji wa kweli. Ukimwona na sigara ujue nyingine iko njiani. Kushuka ngazi hakuweza, kuacha hakuweza, na kumwambia "kaka, toka" Pua hakuweza.

Basi ikawa siri ambayo kila aliyekaa juu aliijua. Kitambaa kibichi chini ya mlango. Dirisha limefungwa, moshi usionekane barabarani. Na yule bwana aliyenusa ndoto za watu akawa anapita mlango wa kaka yake amebana pumzi, mashavu yamevimba kama ya mpiga tarumbeta, mpaka afike kwenye ngazi ndipo anaachia. Nilikuwa nakaa hapa namwona. Sikucheka. Hata mimi ningebana.

Seremala alifia humo, dirisha likiwa limefungwa.

Kabla hata majirani hawajamaliza kuja kutoa pole, Pua alijifungia na ndoo ya rangi. Nyeupe, mara mbili, dari na kuta. Alipotoka alikuwa na rangi kwenye kope. Mwenye nyumba akaja, akatazama, akasifu. Ndipo Msusi akahamia na mtoto wake wa kike, mwenye pumu, akafurahi kupata chumba cheupe kuliko vyote.

Kiangazi chote shwari. Mvua zilipoanza, harufu ikaja.

Sigara. Si ya jirani, si ya barabarani. Ilikuja na kuondoka, hasa mtoto akiugua. Pua alianza kukonda. Siku moja alinikuta kwenye ngazi nimepumzika, akanishika mkono, wake ulikuwa baridi.

"Bibi, umemsikia?"

"Nani?"

"Anakohoa."

"Ni yule mtoto, mwanangu."

"Mtoto gani anakohoa vile?" akasema. "Kile ni kikohozi chake. Nakijua tangu tukiwa tunalala mkeka mmoja. Na jana nimesikia kiberiti."

Ningemcheka, lakini nami nilikuwa nimekisikia. Fupi, fupi, ndefu. Tangu siku ile nikawa nafunga mlango mapema na kuweka kigoda nyuma yake, kana kwamba aliyekufa anazuiliwa na kigoda.

Mwenye nyumba alipopanda mwenyewe akainusa, hakuwa na maneno mengi. "Ama mvutaji anatoka, ama wewe unatoka." Na Pua chumba chake cha chini ya ngazi ni cha kazi, kazi ikienda, na chumba kinakwenda. Pua akataja chumba cha mwisho. Angemtaja nani? Angesema ni marehemu? Wenye nyumba wanajuana na kuulizana habari za wapangaji. Msusi akitoka hapa kwa jina la mvutaji, mlango gani mwingine utafunguka, na mtoto mwenye pumu mgongoni?

Ndiyo siku hiyo sasa. Mtoto alipokohoa mara ya pili Msusi akaacha kuzuia mlango.

"Ingia basi, mzee. Ingia upekue. Mimi mwanangu simwachi abanwe na kifua kwa ajili ya pua yako."

Pua akaingia. Nami nikaingia, na sinia langu la maharage. Nani angebaki nje? Msusi akafunga mlango nyuma yetu, upepo wa mvua usimpige mtoto. Maji yalikuwa yanatokota jikoni kwenye kona. Akayamimina kwenye beseni, akamkalisha mtoto mbele yake, akamfunika shuka, mvuke ukaanza kupanda.

Pua akapekua. Chini ya mto, ndani ya kopo la shanga za nywele, nyuma ya mafungu ya rasta yaliyoning'inia kama mikia ya farasi. Akainua kila kikombe.

"Ninuse na mikono," Msusi akasema, akamwekea viganja puani. "Haya. Nini?"

"Mafuta ya nywele," akakubali Pua kwa shida.

"Na mdomo nikufungulie?"

"Binti, tuheshimiane."

"Heshima umeiacha mlangoni, mzee wangu. Ungeingia nayo tungeiona."

Mvuke ulikuwa umejaa chumba. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeziba. Na pale, sote tukiwa tumesimama mikono mitupu, ikaja.

Ilikuja polepole kama mtu anayevua viatu kwanza. Sigara kali, ya bei ya chini, ile ile. Maharage yalinimwagika. Msusi akaweka mkono mdomoni. Pua akageuka kona hadi kona.

"Nani anavuta?" akasema kwa sauti ndogo. "Nani anavuta sasa hivi humu?"

Wote tulikuwa tunaonekana, na hakuna aliyekuwa na moto.

"Mama," mtoto akasema, kichwa amekitoa kwenye shuka, uso unang'aa jasho. "Ukuta unalia."

Ulikuwa unalia kweli. Kutoka darini yalikuwa yanashuka matone ya rangi ya chai ya rangi, moja baada ya jingine, yanaacha michirizi kwenye weupe. Ukuta mzima wa kitandani ulikuwa umegeuka njano iliyoungua. Mzima, isipokuwa sehemu moja karibu na dirisha. Hapo palibaki peupe. Na weupe ule ulikuwa na mabega. Ulikuwa na mikono miwili inayoning'inia, na kiuno, na pindo. Mtu mweupe asiye na kichwa amesimama ukutani, anatutazama bila macho.

Mimi nimesimulia watu habari za majini tangu wajukuu zangu hawajaota meno, na kila jini nililitengeneza mwenyewe. Hili sikulitengeneza mimi. Nikakaa juu ya maharage.

Pua hakukimbia. Alikwenda mpaka pale, akaweka kiganja chake kilichoungua kwenye lile bega.

"Koti lake," akasema. "Hapa palikuwa na msumari. Alilitundika siku aliyokuja, halikushuka tena. Hakuwa anatoka, alivalie nini? Moshi wote ulipita kushoto na kulia. Nyuma ya koti haukufika."

Msusi akachukua kitambaa, akafuta ukuta palipokuwa panalia. Kikatoka na uchafu wa rangi ya kahawia, unanata kama asali. Akakinusa, akakitenga na uso wake.

"Hukuosha ukuta kabla ya kupaka?"

"Sikuosha."

"Mzee, hata mimi nisiye fundi najua. Ukipaka rangi juu ya mafuta ya moshi, siku ikipata unyevu inarudi juu."

"Najua, binti. Nilishika kitambaa na maji ya sabuni, nikasimama hapa hapa. Nikaona nikifuta, ndio nimemfuta. Na nisipofuta, mwenye nyumba ataona. Nikapaka juu yake."

"Kwa hiyo kila nikiwasha kiberiti nichemshe maji mwanangu apumue," Msusi akasema taratibu, kama anayepanga nywele mstari kwa mstari, "namvutisha moshi wa kaka yako. Anakohoa, nachemsha tena. Na wewe unanitoa kwa ajili hiyo."

Pua akakiondoa kiganja ukutani. Mvua ilikuwa inapiga bati la kibanda cha chini.

"Huyo kwenye ukuta ni nani?" mtoto akauliza.

"Ni kaka yangu."

"Si umwambie akavute nje?"

"Alikuwa hawezi kushuka ngazi, mjukuu wangu," Pua akasema. "Na dirisha nilimfungia mimi."

Halafu akaketi ukingoni mwa kitanda cha watu bila kukaribishwa, na Msusi hakumwinua. Msusi akaenda akafungua dirisha lote. Mvua ikaingia mpaka kwenye shuka.

Tukasikia viatu vya mwenye nyumba kwenye ngazi. Vile viatu vinajulikana.

Mimi nikainuka na akili zangu zikainuka. "Sikilizeni," nikasema. "Sukumeni kabati hapo. Tutamwambia ni popo. Popo wa darini, mikojo yao inanuka sigara, kuna nyumba moja walilewesha ukoo mzima—"

"Bibi," Pua akasema, "leo nyamaza."

"Basi tuseme ni paa linavuja."

"Bibi."

Nikanyamaza. Hakuna aliyewahi kuninyamazisha kwa neno moja.

Pua akachukua kile kitambaa mkononi mwa Msusi. "Ufunguo wako ubaki nao," akamwambia. "Usimpe hata akinyoosha mkono. Ataniuliza ya dereva wa teksi, na mimi nitamwambia. Nitaanza hivi: mama, humu alikaa mtu akavuta mpaka akafa, na sheria niliijua, na alikuwa kaka yangu, nami kila nikipita nilikuwa nabana—"

Mlango ukasukumwa. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pale, mwavuli unachuruzika, pua juu. Akamtazama Msusi, akamtazama mtoto, akautazama ukuta, macho yakakwama kwenye lile koti. Kisha yakashuka kwenye kitambaa. Pua alikuwa amesimama, amekishika mbele yake kwa mikono miwili.