Mama mkwe anadhani mikono yake imesahau mlango

Admin nifichie jina, humu kuna ndugu wa marehemu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, naishi Kibondo na watoto wangu. Mume wangu alifariki mwaka huu kabla ya mvua kuanza. Alikuwa seremala, na mlango wetu wa mbele aliutengeneza kwa mikono yake.

Mlango huo ulikuwa mkaidi. Kitasa hakikufunguka mpaka uinue mkono wa mlango kidogo, uuvute kwako, ndipo uzungushe ufunguo. Siku alipompa mama yake ufunguo wake, aliweka kiganja juu ya kiganja cha mama, akasema, "Inua kidogo, mama. Usishindane nao." Wakacheka wote wawili.

Baada ya msiba, mama mkwe akawa anakuja asubuhi na mapema. Anafungua bila hodi, anaingia moja kwa moja chumbani kwangu, anakaa upande wa kitanda aliokuwa analala mwanawe, analia na koti lake mapajani. Mimi nimo humo humo, sijavaa vizuri, kilio changu nakimeza ili nimbembeleze yeye. Nilichoka jamani. Lakini unamwambiaje mama asiingie nyumba aliyoijenga mwanawe?

Kitasa kikazidi kukwama, nikapata kisingizio. Nikakifungua kwa bisibisi ya marehemu pamoja na mikono yake ya shaba, nikavibeba, nikapanda basi hadi Kasulu, maana ningenunua hapa Kibondo maneno yangemfikia. Nilitaka kubadilisha kila kitu. Mwenye duka, mzee wa kofia, akanizuia.

"Mikono hii unaitupia nini, mama? Shaba tupu. Badilisha kitasa cha ndani tu. Mlango unabaki na sura ile ile, tabia mpya."

Dada mmoja aliyekuwa ananunua misumari akadakia, "Mzee, kama unabadilisha na waume hivyo hivyo, wangu namleta kesho."

Nilicheka, mara ya kwanza tangu tuzike. Kisha nikakubali haraka, kwa sababu niliona kwamba kwa nje hakuna atakayejua. Kitasa nilikifunga mwenyewe jioni ile.

Asubuhi nikausikia ufunguo ukiingia. Ukatoka, ukaingia tena. Mkono wa mlango ukainuliwa, ukavutwa, vile vile alivyofundishwa. Nilikuwa nimekaa kitandani, nasikiliza. Mwisho akagonga kama mgeni, akanisalimia kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Neema."

Nikamfungulia. Alikuwa anatazama vidole vyake. "Mlango umenikataa leo," akasema.

Hapo ndipo ningemwambia ukweli. Badala yake nikamjibu, "Hata mimi hunisumbua, mama."

Tangu hapo kila akija anajaribu kwanza, ndipo anagonga. Siku moja alikuja na mawese kwenye kichupa, akaupaka ufunguo, akaufuta kwa kanga yake, akajaribu tena. Nilikuwa nyuma ya mlango, namsikia akinong'ona, "Inua kidogo. Inua kidogo."

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, aliniwekea ule ufunguo mkononi. "Mtunzie Neema. Mikono yangu imezeeka, imesahau hata hiki kimoja mwanangu alichonifundisha." Sasa haji tena. Akipita anasalimia akiwa barabarani.

Kitasa kipya kilikuja na funguo za akiba, nimezificha kwenye kopo la sukari. Nikimpa mmoja, atajua nilimfungia nje na kumtazama akihangaika. Nikinyamaza, atakufa akiamini amemsahau mwanawe. Na linaloniumiza zaidi, siku hizi nalala mpaka kunapambazuka, na napenda kulala hivyo. Sitaki aanze tena kuingia bila hodi.

Nyie mliokaa na wakwe mkapendana nao, msinitukane, nisaidieni. Naanzaje kumwambia mama huyu kwamba mikono yake haikusahau kitu?